Habari za Mkalya, Mti wa Pori Letu

Kiangazi kilichopita niliwachukua wanafunzi wangu tukaenda porini, upande wa mashariki wa Songea, nipate kuwafundisha habari za miti kwa macho wala si kwa kitabu. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: kila mtoto ataje mti ulio mbele yake. Mninga waliujua, miombo waliijua, msuku na mbula waliijua sana kwa ajili ya matunda yake. Hata tukafika penye mti mmoja mfupi, ambao gome lake lilikuwa limebanduka, nikauliza, “Na huu je?” Wakatazamana. Mmoja akajibu, “Mwalimu, huo ni mti tu.” Nikacheka, lakini kicheko kilinikatika, maana mimi nami sikuwa na jina la kuwapa.

Tukiwa tumesimama hapo akapita mzee mmoja, mtu wa Iringa aliyehamia huku tangu ujana wake, naye amejitwika kuni. Watoto wakamwamkia, “Shikamoo, babu.” Akaitika, “Marahaba, wajukuu zangu,” akatua mzigo, akautazama mti kama mtu atazamavyo rafiki wa zamani. Akasema, “Kwetu Uheheni twauita mkalya.” Akavunja kipande kidogo cha gome kikavu, akakisagasaga viganjani, akamwambia kijana aliyekuwa karibu anuse kidogo sana. Yule kijana akapiga chafya hata machozi yakamtoka, na wenzake wakaanguka kwa kucheka. Mzee akasema, “Hiyo ni dawa ya kichwa, lakini si ya kuchezea.” Akajitwika kuni zake akaenda zake.

Tangu siku ile nimezitafuta habari za mkalya, na humo nimekuta mambo ya nchi yetu nisiyoyatazamia. Nimeona vema niwaandikie wasomaji.

Mkalya si mti wa kujionyesha. Wakati mwingine hukua ukawa na kimo cha kutosha, lakini mara nyingi ni mti mdogo tu kati ya miombo. Gome lake ni la kijivujivu au hudhurungi, nalo hubanduka magamba magamba. Na pale lilipobanduka pana mabaka ya rangi ya machungwa, na kwa alama hiyo utautambua hata majani yakiwa yamepukutika. Majani yamepangwa pande mbili za kikonyo mfano wa unyoya wa ndege, na yanapokuwa machanga ukiyapapasa utadhani umeshika mahameli. Maua ni madogo, ya rangi ya kijani kibichi na manjano, nayo huchanua kiangazi kinapokwisha, mti ungali mtupu au ukianza tu kuchipua. Tena mti mmoja huwa dume na mwingine huwa jike, kama mipapai yetu ilivyo. Kwa hiyo asishangae mtu akiona mkalya usiozaa kamwe. Tunda lake ni la rangi ya machungwa, lenye malaika laini juu ya ganda, na nyama yake huliwa.

Jina la mkalya hutumika kwa Wahehe, na Wanyamwezi nao hulitumia. Wataalamu wa mimea huuita Zanha africana. Jina hilo la pili lina hadithi yake, nami nitaifikia. Lakini kwanza nieleze ukoo wa mti huu, kwa kuwa ni ukoo wenye ndugu wengi, na baadhi yao mmekwisha kula matunda yao pasipo kujua.

Wataalamu huiweka miti katika jamaa kwa kutazama maua na matunda, wala hawatazami ukubwa. Jamaa ya mkalya huitwa jamaa ya mti wa sabuni, kwa ajili ya mti mmoja wa ugenini ambao matunda yake hutoa povu yakisuguliwa majini, na watu wa India na wa Amerika wamefulia nguo kwa matunda ya namna hiyo tangu zamani. Hata jina lake la Kilatini, Sapindus, maana yake ni sabuni ya Hindi. Katika jamaa hiyo umo mshokishoki wa Unguja, wenye tunda jekundu la nywele nywele. Tena yumo ndugu mmoja mwenye cheo: mti wa pwani ambao mbegu zake ni nyeusi na laini kama mahameli, na watu huzipenda kwa pambo. Huo uliitwa Majidea, kwa heshima ya Sayyid Majid bin Said aliyetawala Unguja tangu 1856 hata 1870. Aliyempa heshima hiyo ni John Kirk, mganga na balozi Mwingereza aliyekaa Unguja miaka mingi, na jina hilo likachapwa mwaka 1871, Sultani akiwa amekwisha kufa. Basi ndugu mmoja alipewa jina la mfalme, na ndugu wa Songea akawa “mti tu.”

Na sabuni, je, imo katika mkalya? Imo. Mimea mingi ya jamaa hii ina kitu ndani yake kishikacho maji kwa upande mmoja na mafuta kwa upande wa pili. Ndiyo kazi ya sabuni yo yote. Ukikitikisa majini hutoa povu. Kikiingia puani hukera, na chafya hutoka. Ndilo lililompata yule mwanafunzi wangu. Kikiingia katika damu hupasua chembe zake nyekundu, na kwa sababu hiyo dawa za miti ya namna hii zina hatari kwa anywaye bila kipimo. Mwaka 1997 wataalamu wa Hispania walitangaza kwamba wamechunguza gome la mizizi ya mkalya wakaona vitu hivyo vya sabuni, wakavipa jina la zanhasaponini, nao waliona vina nguvu ya kupunguza uvimbe. Mzee mwenye kuni hakuwa na habari ya maandiko hayo. Wala sidhani kwamba wataalamu wale walikuwa na habari yake yeye. Nabii Malaki anapoitaja sabuni ya wafua nguo, wafasiri husema kwamba sabuni ile ilitengenezwa kwa majivu ya mimea, kama bibi zetu walivyofua kwa magadi ya majivu. Basi sabuni ya porini si jambo la aibu kwa Mkristo.

Sasa nije kwenye mambo ya zamani. Mkalya hukua tangu Kenya mpaka Zimbabwe na Msumbiji, tena Malawi, Zambia, Angola na Kongo. Tazameni ramani. Wangoni walipotoka kusini pamoja na Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835, jua lilipopatwa. Na tangu hapo hata kufika Ungoni wa leo walipita katika nchi za mti huu kwa muda wa miaka mingi. Wazee wao walilala chini yake, bila shaka waliota moto wake. Walipofika hapa waliwakuta Wandendeule, Wamatengo na wengine, watu waliokuwa wakiyajua mapori haya mti kwa mti. Mshindi alichukua ng'ombe na watu, lakini elimu ya miti ilibaki kwa mwenyeji. Na mpaka leo mtu akitaka kujua jina la mti katika vijiji vyetu, aghalabu ataambiwa kwa lugha ya wale walioshindwa. Kisha kati ya 1878 na 1882 Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali. Namkumbuka yule mzee wa Iringa akiwafundisha wajukuu wa Wangoni jina la mti, nasema moyoni, hilo nalo ni amani.

Mwaka 1897 Wadachi, ndio Wajerumani, walijenga boma lao hapa, na mji ukaitwa kwa jina la Nduna Songea Mbano. Mwaka 1898 mapadri Wabenediktini wakaanzisha misheni ya Peramiho. Nyuma yao wakaja watu wa namna nyingine, wenye karatasi na kamba: wakusanyaji wa mimea. Mmoja wao alikuwa Walter Busse, aliyepita nchi za kusini mwaka 1900 na 1901, akifika mpaka Ruvuma. Kazi yao ni hivi. Mtu hukata tawi lenye majani na maua au matunda, akalilaza kati ya karatasi, akalikandamiza kwa mbao na kamba, akalikausha kwa jua au moto mdogo, kisha akaandika kibandiko: mahali, tarehe, namba, na jina la aliyelikata. Tawi likikaushwa vema hudumu miaka mia mbili na zaidi. Mzigo wote huo ulibebwa vichwani na wapagazi. Majina ya wakusanyaji yameandikwa juu ya vibandiko; ya wapagazi, mara nyingi hapana.

Matawi kutoka nchi hii yalipelekwa Berlin. Na katika mji wa Munich alikuwako mtaalamu mmoja, Ludwig Radlkofer, aliyezaliwa mwaka 1829, ambaye maisha yake marefu aliyatoa kwa jamaa moja tu ya miti, ndiyo hii ya mti wa sabuni. Mwaka 1907, akiwa mzee aliyekwisha pita miaka 75, alichapa jina la mkalya kwa mara ya kwanza: Dialiopsis africana.

Naomba msomaji asimame kidogo hapo penye mwaka 1907, akumbuke hali ya Ungoni mwaka ule. Septemba 1905 vita vya Maji Maji vilifika Songea. Misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Wadachi wakajibu kwa bunduki, na bunduki zilipokuwa hazitoshi wakajibu kwa njaa: walichoma vijiji, wakachoma ghala, wakakata mashamba. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wa Wangoni walinyongwa hapa mjini, na siku chache baadaye Nduna Songea naye akanyongwa. Chabruma wa Mshope alikimbilia Msumbiji, akafia huko. Waliobaki walikwenda porini kutafuta mizizi na matunda, na wengi hawakurudi. Basi katika mwaka uleule ambao mzee mmoja wa Ulaya alikaa mezani akipima majani ya mti wetu kwa utulivu na uaminifu, watu waliojua matunda yake ni yepi na mizizi yake ni ya nini walikuwa wakifa kwa njaa chini ya miti. Simlaumu Radlkofer, kazi yake ilikuwa nzuri, wala bunduki hakuishika. Lakini sijaona kitabu cha mimea kiliwekacho jambo la pili kando ya lile la kwanza, na kwa hiyo nimeliandika hapa. Mganga mmoja akifa katika njaa ile, vilikwenda vitabu ambavyo havikuandikwa.

Radlkofer alifariki mwaka 1927, akiwa na miaka 97. Kitabu chake kikubwa juu ya jamaa hiyo kilichapwa baada yake, kati ya 1931 na 1934. Kisha ikaja zamu ya karatasi nazo kuungua. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliangukia Berlin, na nyumba kubwa yalimohifadhiwa matawi makavu ikashika moto. Sehemu kubwa ya yaliyokusanywa katika nchi yetu zamani za Wadachi iligeuka majivu katika usiku mmoja. Ghala za Ungoni ziliteketea kwanza, na ghala ya Berlin ikafuata baada ya miaka 38.

Kwa hiyo kazi ilibidi ianze tena, na hapo Songea ilipata bahati ambayo wilaya nyingi hazikuipata. Waingereza walikuwa wameanza kuandika kitabu cha mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1952. Mmoja wa wahariri wake, Edgar Milne-Redhead wa bustani ya Kew karibu na London, alikuja mwenyewe pamoja na Peter Taylor, wakafika Songea Desemba 1955, wakakaa katika wilaya hii miezi mingi ya mwaka 1956. Mvua zote walikuwa hapa. Ukikifungua kitabu hicho leo utayakuta majina ya kwetu kila baada ya kurasa chache: vilima vya Matagoro, mto Luhira, Unangwa, Chandamara, Kigonsera, Kitai, Gumbiro, na milima ya Umatengo. Mwalimu wa kijijini hufurahi mno kukiona kilima anachokiona kila asubuhi kimetajwa katika kitabu kisomwacho dunia nzima. Ipo miji mikubwa isiyotajwa hata mara moja.

Katika miaka ya 1960 Mwingereza mwingine, Arthur Exell, aliyeandika habari za mimea ya nchi za Zambezi, alitambua kwamba mti wa Radlkofer ni ndugu wa damu wa mti mmoja wa Angola. Mti huo wa Angola uliokotwa na Friedrich Welwitsch katika safari zake za kati ya 1853 na 1861, na William Hiern aliupa jina Zanha golungensis mwaka 1896, kwa ajili ya mahali paitwapo Golungo Alto. Na sheria ya wataalamu ni kwamba jina lililotangulia ndilo lishikalo. Hivyo Dialiopsis ikafutwa, mkalya ukawa Zanha africana. Mwaka 1998 sehemu ya kitabu cha Afrika Mashariki juu ya jamaa ya mti wa sabuni ikatoka, iliyoandikwa na F. G. Davies na Bernard Verdcourt. Na kitabu kizima kilimalizika mwaka 2012, baada ya miaka 60, kikiwa na aina zaidi ya 12,000 za mimea. Watu walioanza hawakuuona mwisho wake. Milne-Redhead alifariki mwaka 1996.

Basi karatasi zimefidiwa. Yaliyokuwa vichwani mwa wazee, yamefidiwa na nani? Kibandiko cha Kew kitakuambia mti uliokatwa ulikuwa kando ya mto fulani, urefu wake futi kadha wa kadha. Hakikuambii aliyeonyesha njia ya kufika penye mti huo alikuwa nani, wala mama yake aliupikia nini.

Na miti yenyewe haikungoja. Tangu zamani za Waingereza zao la fedha la Songea lilikuwa tumbaku, na mwaka 1936 wakulima waliunda chama chao cha ushirika, Ngoni-Matengo, kwa ajili ya kuuza tumbaku hiyo. Chama kile kilisomesha watoto, kikajenga heshima, sina neno baya juu yake. Lakini tumbaku ya huku hukaushwa kwa moto na moshi ndani ya mabanda, na moto hutaka kuni, na kuni ni miombo. Anayekata kuni za banda hachagui. Mkalya huanguka pamoja na jirani zake, tena kwa kuwa hauna mbao ya kuuzwa ghali kama mninga, hakuna anayeusikitikia. Baadaye, vijiji vilipokusanywa kati ya 1973 na 1976, watu wengi walihamishwa wakawa mbali na mapori waliyoyajua, wakawekwa karibu na barabara, kati ya miti ambayo babu zao hawakuwahi kuwaonyesha. Watoto wa darasa langu ni wajukuu na vitukuu vya watu hao.

Tena kuna hatari ya dawa yenyewe. Mtu akijua kwamba gome la mti lina faida, huja na panga. Gome la mti si nguo tu. Ndani yake mna njia zipitishazo chakula kutoka majani kwenda mizizini. Ukichuna upande mmoja, mti huugua kisha hupona, nalo kovu hufunika. Ukichuna kuuzunguka mti wote kama mshipi, mizizi hufa kwa njaa, na baada yake mti mzima, hata kama majani yangali mabichi kwa majira mazima. Waganga wa zamani walichukua kipande kidogo wakaacha mti uishi, kwa kuwa walikusudia kurudi kwa mti uleule. Anayechukua gunia kupeleka sokoni hakusudii kurudi.

Nimeurudia ule mkalya wetu mara mbili. Mara ya kwanza mvua zilikuwa zimeanza, nao ulikuwa na matunda machache ya rangi ya machungwa. Watoto wakayala wakakunja nyuso, wakaomba mengine. Mara ya pili nilikuta mtu amechuna gome upande wa magharibi, kipande cha upana wa viganja viwili, kwa kisu kikali na kwa mkono wa mtu mwenye haraka. Mtomvu ulikuwa umekauka. Sikujua ni nani, wala sikuuliza. Tuliipaka ile sehemu udongo, jambo ambalo pengine halina faida yo yote, lakini watoto walitaka kufanya kitu.

Tawi tulilolikata siku ile ya kwanza tulilikandamiza kati ya magazeti ya zamani na mawe mawili juu yake. Lilikauka vema, ila jani moja lililiwa na wadudu. Kijana yuleyule aliyepiga chafya ndiye aliyelibandika katika daftari la darasa, akaandika kibandiko kama nilivyomwonyesha: mkalya; Zanha africana; pori la mashariki ya Songea; tarehe; limekatwa na darasa la sita. Nilidhani amemaliza. Akaniomba ruhusa, akatoka mbio kwenda nyumbani kwa yule mzee, akarudi jioni akihema, akaongeza mstari wa mwisho kwa wino: aliyetuambia jina, na hapo akaliandika jina la mzee, la ubatizo na la ukoo.